Pima kwenye nguzo ya mwisho

Mikutano ya stima huku kwetu, iwe Kisumu, Siaya au Homa Bay, haikosi mtu wa kusimama na kudai eneo hili lijengewe mtambo wake wa kuzalisha umeme. Hushangiliwa sana. Naielewa hasira yake, maana hata mimi nimekula chakula cha jioni kwa tochi ya simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini ukiondoka Kisumu alfajiri, adhuhuri haijafika uko Naivasha, unatazama mvuke wa ardhini unaozalisha stima ya Olkaria ukipanda. Mtambo wa kwanza pale ulianza kazi mwaka 1981, na mingine imeendelea kuongezwa. Karibu nasi zaidi kuna mtambo wa maji wa Sondu Miriu, megawati 60, na Sang'oro inayotumia maji yaleyale yakishatoka juu, megawati 21. Kaskazini liko bwawa la Turkwel, megawati 106. Kwa hiyo mtu akisema hatuna stima, mimi huuliza: haipo wapi? Kwa miaka mingi ilikuwapo, ila haikuwa na njia ya kutufikia ikiwa na nguvu zake. Na njia hiyo ni ndefu. Inaanza na minara ya chuma, inaishia kwa waya mwembamba unaoingia dirishani kwa muuza samaki.

Mimi ni fundi wa vipimo. Kampuni ninayofanyia kazi ni ndogo, ofisi yake ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri mjini Kisumu, na kandarasi zake ni za kupima mzigo wa transfoma na laini, yaani stima inayovutwa na watumiaji, kuziweka kwenye ramani, kisha kuwaandikia wanaopanga mtandao wa umeme: hapa ongezeni waya, hapa badilisheni transfoma, hapa msifanye lolote kwanza. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliandika. Hakuna anayemlipa mshauri ili aambiwe atulie.

Ukitaka kuelewa kwa nini taa za magharibi zilikuwa zinafifia, itazame laini ya zamani kwenye ramani. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na katika miaka hiyohiyo ya 1950 ikajengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo, ikapita Lessos kule Nandi, ikapita Lanet pale Nakuru, ikaenda zake Nairobi. Ilijengwa ili stima ya Uganda ifike mji mkuu. Sisi tulikuwa wa njiani. Miaka ikapita, Olkaria ikakua, mkondo ukageuka: stima ikawa inatoka Nakuru kuja huku, juu ya waya ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo, halafu pale Lessos inagawanyika kushuka Muhoroni na Kisumu. Waya mrefu wenye mzigo mzito mwishoni hupoteza volteji, yaani ule msukumo wa stima. Jioni watu wakiwasha, volteji inashuka kabla hata waya wenyewe haujajaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mtambo mmoja wa aina iitwayo tabo ya gesi ulihamishwa kutoka Embakasi, Nairobi, ukaletwa Muhoroni. Licha ya jina hilo unachoma mafuta, na stima yake ni ghali ukiilinganisha na ya mvuke, lakini ulihitajika karibu na mzigo ili volteji ya huku isimame. Niliwahi kumweleza mwakilishi mmoja wa wadi jambo hilo, kwamba tunachoma mafuta Muhoroni wakati Olkaria ipo, akadhani namtania.

Hayo ni ya juu kwenye minara. Huku chini, mahali ninapofanyia kazi, mambo yana sura nyingine.

Ahero kuna mama mmoja mwenye kinu cha kukoboa mpunga ambaye mimi humtaja kila ninapobishana na vijana wa ofisini. Nilifika kwake msimu wa mavuno, jua linazama, magunia yamejaa mpaka nje, wateja wamekaa juu yake. Mota haikuwa imezimwa. Ilikuwa inanguruma tu bila kuzunguka vizuri, mkanda unateleza, na palikuwa na harufu ile ya vanishi inayoungua ambayo fundi akiinusa mara moja haisahau. Balbu ya ukutani ilikuwa na rangi ya kaa la moto. Nikamwambia azime haraka.

"Nimezima tangu juzi, kijana wangu. Nawasha ili uone."

Stima ikiwa hafifu, mota ya aina ile haipunguzi kula. Hulazimika kuvuta ampia nyingi zaidi, yaani stima nyingi zaidi kupita kwenye waya, ili ifanye kazi ileile, na ampia ndizo joto. Mota huungua kwa stima ndogo kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Mama huyo alikuwa amekwisha kulipia kusukwa upya kwa mota mara kadhaa, na hakuna aliyemfidia hata senti. Nilipoanza kumweleza habari ya volteji alinikatiza. Akasema anaijua. Shamba lake la mpunga liko mwisho wa mfereji, akasema, na walio juu wakifungua maji wote pamoja, yeye hupata tope.

Halafu akanitolea daftari la wadaiwa. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika, kwa kalamu ya bluu, siku na saa ambazo mota ilikataa: Jumanne saa moja jioni, Alhamisi saa kumi na mbili na nusu, Jumamosi kutwa. Pembeni aliandika hata sababu anazozishuku. "Welda wa ng'ambo." "Kinu kipya." "Mechi." Tulifunga kifaa cha kurekodi volteji kwenye nguzo ya mwisho ya laini yake, kikakaa hapo wiki moja, na mabonde ya grafu yakaangukia palepale alipoandika. Welda wa ng'ambo kweli alikuwa amenunua mashine kubwa. Mechi kweli ilikuwa mechi.

Sasa linganisha daftari lile na namna ukuaji wa mahitaji unavyokadiriwa kwa kawaida. Nchi ina mpango wake wa miaka 20 wa kuzalisha na kusafirisha umeme kwa gharama nafuu, unaorudiwa kila baada ya muda, na kazi ile inaheshimika. Uchumi unatarajiwa kukua hivi, wateja wataongezeka vile, basi mahitaji yatapanda kwa asilimia fulani kwa mwaka. Kwa kuamua kama nchi ijenge mtambo mwingine, hesabu hiyo inafaa. Kwa kuamua transfoma gani iwekwe Ahero, haifai kitu. Mzigo wa kijijini haupandi kwa asilimia. Unakaa vilevile miaka mitatu, halafu siku moja mtu anapata mkopo wa chama, ananunua kinu cha kilowati 30, na hapohapo umeongeza mzigo wa nyumba mia moja za taa, runinga na chaja ya simu. Asilimia haimjui huyo mtu. Jirani zake wanamjua, na wanajua pia mkopo umetoka lini.

Nikaanza kuwauliza. Siku hizi nikifika mahali kupima, kabla sijapanda nguzo huenda kwanza kwa muuza vifaa vya umeme na kwa fundi wa kusuka mota. Wa kwanza anajua nani ameuliza bei ya friji kubwa. Wa pili anajua laini ipi ina stima mbovu, maana wateja wake wote wanatoka huko. Nikimaliza nao nakuwa na picha ya miaka miwili mbele ambayo hakuna jedwali la Nairobi lingenipa.

Mwaka 2015 ulipoanza ule mradi wa kuwaunganishia umeme wananchi waishio karibu na transfoma, wale walio ndani ya mita 600, bei ya kuunganishwa ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Sitaki kusikika kama mtu anayelalamikia jambo jema. Mama yangu mzazi alipata stima kwa mradi huo. Lakini hesabu iliyofanywa na wengi ilikuwa ya nyumba: ngapi zimepata, ngapi bado. Nyumba ikishapata mita, ilihesabiwa kuwa imemalizwa. Ukweli ni kwamba hapo ndipo inaanza. Mwaka wa kwanza ni balbu mbili na redio. Mwaka wa tatu kuna pasi, birika na friji. Mwaka wa tano kijana anarudi kutoka mjini anafungua kinyozi mbele ya boma, na anamvutia stima binamu yake nyuma ya boma kwa waya ambao haumo kwenye ramani yoyote. Zile mita 600 zinakuwa mia tisa kimyakimya. Ndiyo maana nasisitiza kifaa cha kupimia kifungwe kwenye nguzo ya mwisho. Ukipima chini ya transfoma utaona volti 240 safi, utaandika kwamba mambo ni mazuri, na utarudi mjini ukiwa umesema kweli isiyomsaidia mtu.

Kuna jambo jingine ambalo linaudhi kwa jinsi lilivyo rahisi. Soko moja karibu na Luanda, njia ya kwenda Busia, lilikuwa limeandika barua baada ya barua likidai transfoma mpya. Iliyokuwapo ni ya kVA 50 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), na fyuzi yake moja ilikuwa inakatika karibu kila jioni. Nikaenda na klampu mita, kifaa cha kubana waya na kusoma ampia, saa mbili usiku, muda ambao mzigo uko kileleni. Transfoma ya ukubwa huo hustahimili karibu ampia 70 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa waya zake tatu za stima. Fezi ya kwanza ilisoma 118. Ya pili 41. Ya tatu 27. Jumlisha uone: ukizigawa sawasawa, transfoma ile ilikuwa bado na nafasi kidogo. Kilichotokea ni kwamba kila aliyekuja kuunganisha mteja alipanda nguzo na kushika waya ulio karibu na mkono wake, akashuka, akaenda. Miaka ikapita hivyo. Tiba yake ilikuwa kuhamisha waya za wateja kutoka fezi moja kwenda nyingine, kazi ya siku moja ya mafundi wenye ngazi. Mwenyekiti wa soko alikasirika. Alikuwa ameshawaahidi watu transfoma.

"Sasa mimi nitawaambia nini, Injinia?"

Nilimwambia awaambie wawashe. Wakawasha. Hata hivyo hakunisalimia tena vizuri, na naelewa: kitu kipya kinachoning'inia juu ya nguzo kinaonekana na kila mtu, waya zilizohamishwa hazionekani na yeyote.

Ukipima huku magharibi lazima pia uijue kalenda ya watu. Vijiji vya Vihiga, Siaya na Kakamega vina mizigo miwili tofauti kabisa: wa mwaka mzima na wa Desemba. Watoto wa kijiji wakirudi kutoka Nairobi na Mombasa, boma lililokuwa na mzee na balbu moja linakuwa na watu ishirini, magari matatu, friji iliyonunuliwa juzi na birika ambalo halipoi. Transfoma iliyopumzika miezi kumi na moja inapigwa kwa wiki mbili mfululizo, na ikifa, hufa tarehe 24 au 25, siku ambayo kumpata fundi ni muujiza. Halafu kuna matanga. Ijumaa jioni boma lenye msiba huwashwa taa pande zote, spika zinafungwa juu ya miti, na kwa kuwa jenereta lina gharama ya petroli, mtu anavuta waya kwa jirani. Hakuna mwongozo wa uhandisi wenye safu ya matanga. Fomu yangu inayo. Kijana mmoja aliyekuja kwetu kujifunza kazi alicheka alipoiona, nikamwacha acheke mpaka Jumamosi ya kwanza tuliyopima pamoja.

Usambazaji wenyewe, ukishajua mzigo uko wapi, una hesabu moja inayookoa pesa nyingi. Laini nyingi za zamani ni za kilovolti 11. Ukipeleka nguvu ileile kwa kilovolti 33, mkondo (zile ampia) unakuwa theluthi, na kwa kuwa hasara ya joto kwenye waya hufuata mkondo kwa kipeo cha pili, hasara inabaki moja ya tisa. Waya uleule, umbali uleule. Kwa hiyo kwenye laini ndefu za mashambani, kubadilisha vikombe vya kushikia waya na transfoma ili laini ipande daraja mara nyingi kunafaa kuliko kujenga laini ya pili pembeni yake. Mara nyingi, si kila mara. Mahali penye miti mirefu na radi nyingi, na nyanda hizi zinazolizunguka ziwa zina radi za kutisha, unaweza kupandisha volteji halafu ukaishia kukatikiwa kila mvua kwa sababu hukuweka vizuia radi vya kutosha. Kuanzia Kakamega hadi Kisii, mtu asiyetenga pesa za vizuia radi hajapanga laini.

Lakini nikiambiwa nitaje kinachochelewesha kazi kuliko vyote, sitataja vifaa. Nitataja ardhi.

Laini ya kilovolti 132 inahitaji njia yenye upana wa mita 30 hivi. Ya kilovolti 220 inataka zaidi. Mwenye shamba haporwi ardhi, hubaki yake na anaweza kulima mahindi au maharage chini ya nyaya, lakini hawezi kujenga wala kupanda miti mirefu, na kwa ajili hiyo hulipwa fidia. Kwenye karatasi ni jambo la kupima, kuthamini na kulipa. Nilipelekwa kusaidia upimaji wa njia moja huko Nyakach, tukiwa na ramani ya setilaiti iliyoonyesha boma na nyuma yake uwanja mtupu wenye nyasi. Mchoraji alikuwa ameipitisha laini juu ya nyasi hizo ili asiguse nyumba hata moja. Kazi nzuri, ukiitazama ofisini.

Mzee mwenye boma alitukaribisha, akatupa viti chini ya mwembe, akamsikiliza msemaji wetu mpaka mwisho. Kisha akasimama na fimbo yake, akaanza kutuonyesha. Pale, karibu na lango, upande ule, ni pa mtoto wake wa kwanza. Upande wa pili ni pa yule wa pili, yuko Thika, bado hajajenga. Pale nyuma kuna kaburi la baba yake. Katika boma la Mjaluo kila mwana ana mahali pake pa kujenga, na huwezi kumwambia wa pili ahamie upande wa wa kwanza kwa sababu kuna waya.

"Nyinyi mmeona nyasi," akasema. "Mimi nimemwona mwanangu."

Msemaji wetu akaanza kutaja fidia. Mzee akainua mkono, hakuwa na ugomvi na pesa, na wala hakuwa anaikataa stima. Alitaka tusogee. Akatembea nasi hadi mpaka wa shamba lake na la ndugu yake, kwenye ukingo wa korongo ambako hakuna atakayejenga kamwe kwa sababu mvua za masika huula ukingo huo kila mwaka. Mnara ungehitaji msingi mzito zaidi pale, na laini ingepinda kidogo, na kila pembe ni gharama. Tulipiga hesabu usiku ule katika hoteli ndogo ya Katito. Gharama ya pembe mbili za ziada ilikuwa kubwa. Gharama ya mwaka mmoja wa mvutano, vifaa vikiwa vimelala bohari na riba ya mkopo ikitembea, ilikuwa kubwa zaidi sana. Tangu siku hiyo natoa hoja kwamba mchoraji wa njia atembee na mzee wa kijiji kabla hajachora, asimsubiri kwenye baraza. Wengine hukubali. Wengine hunijibu kwamba bajeti ya kutembea haipo, ingawa ya kuchelewa huwa ipo siku zote.

Laini ile kubwa kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu, ya kilovolti 220, yenye urefu wa karibu kilomita 300 na iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ilichukua miaka mingi kuliko ilivyokusudiwa, na mambo ya njia yalikuwa na fungu lake humo. Ilipofika hatimaye kwenye kituo cha Kibos, nje kidogo ya mji, nilitarajia watu washerehekee. Badala yake simu zikaongezeka. Volteji ya juu ilikuwa imeimarika, hilo vipimo vilionyesha, lakini watu wa Nyalenda na wa Kombewa walikuwa bado wanaona taa zikififia, na sasa hawakuwa na wa kumlaumu isipokuwa yule wa karibu. Ukipanua barabara kuu, msongamano unahamia kwenye kona ya kuingia mtaani. Transfoma za vituo vidogo, waya za kilovolti 11 zilizowekwa wakati Kisumu ni ndogo, fyuzi, viungio vilivyoshika kutu: hizo ndizo zikawa kizuizi. Kwenye mkutano mmoja nilisema kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza, nikaonekana mkorofi.

Hapo pia ndipo nilipogundua jinsi ilivyo vigumu kutetea kitu ambacho kinaonekana kimekaa bure. Kituo kidogo kizuri huwa na transfoma mbili, na kila moja hubeba karibu nusu ya mzigo wa juu. Mhasibu mmoja wa kaunti aliniuliza kwa nini tununue mbili halafu tuzitumie nusu nusu. Swali la haki kabisa. Nikamwonyesha siku moja iliyopita ambapo moja iliharibika na ile nyingine, kwa kuwa tayari ilikuwa imebebeshwa kupita kiasi, ikajizima dakika chache baadaye. Kiwanda kidogo cha barafu cha wavuvi kilipoteza samaki wa siku nzima. Wanaopanga mtandao wana kanuni yao: kifaa chochote kimoja kikianguka, vilivyobaki vibebe. Nusu ile iliyo tupu ndiyo unayoitumia siku ya shida. Na huwezi kusema utainunua shida ikija, kwa sababu transfoma kubwa za vituo haziuzwi dukani. Huagizwa, huundwa, husafirishwa kwa meli hadi Mombasa, na mwaka unaweza kwisha ukizingoja. Kwa hiyo ukiona kituo kimefika asilimia 70 ya uwezo wake saa mbili usiku, muda wa kuagiza umeshapita au unapita.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Napenda wazo hilo kuliko wanavyolipenda baadhi ya wahandisi wenzangu, ambao wanaona kaunti itajaza mpango kwa ahadi za kampeni. Huenda. Lakini kaunti ndiyo inayojua wapi soko jipya litajengwa, hospitali ipi itapata mashine ya eksirei, gati lipi la samaki litawekewa chumba baridi. Habari hizo zikifika mezani kwa wapangaji wa umeme miaka miwili mapema, waya unatangulia jengo. Zikifika siku ya uzinduzi, jengo linakaa na jenereta, na dizeli inaliwa na bajeti ya dawa.

Siku hizi linalonishughulisha ni jioni. Mahitaji ya nchi nzima yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, na kilele hicho huja saa moja hadi saa tatu usiku, wakati usiku wa manane mitambo ina nafasi. Tangu Desemba 2017 viwanda vilipewa punguzo kwa stima ya usiku, na baadhi vikahamisha zamu. Mteja wa nyumbani hana sababu ya kusubiri. Tokeni yake inagharimu sawa saa moja jioni na saa nane usiku.

Sasa zimeingia boda za umeme. Chaja moja huvuta karibu kilowati moja, kitu kidogo, lakini steji moja ya hapa mjini ina vijana zaidi ya ishirini walionunua pikipiki hizo, na wote hurudi kuchaji jioni, kwenye transfoma ileile ya nyumba zinazopika na kutazama habari. Kuna bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme tangu mwaka 2023, na usiku ni nusu ya bei ya mchana, ila unahitaji mita ya peke yake. Nikamweleza mwenyekiti wao. Akafikiri, akaniuliza:

"Tukianza kuchaji saa nne usiku, nani atazilinda pikipiki mpaka asubuhi?"

Sikuwa na safu ya hilo kwenye fomu. Tukaketi naye na kikokotoo cha simu: mshahara wa mlinzi, mabati ya ukuta, tofauti ya bei ya kila uniti. Upande wa pili nikaweka bei ya transfoma nyingine. Mlinzi alishinda kwa mbali, nikamwandika kwenye ripoti pamoja na mshahara wake, chini ya kichwa cha vifaa. Aliyeipitia ripoti alizungushia mstari huo kwa kalamu nyekundu na kuuliza kama ni kosa la uchapaji. Nikamjibu kwamba si kosa, auache. Ukuta wa mabati umeshasimama, na vijana wameomba mita.